Jinsi ya Kuchagua Filimbi ya Bati Yenye Ufunguo Unaokufaa

Filimbi ya bati ya Kiayalandi ina matundu sita tu na haina kitufe chochote cha kubadilishia ufunguo, kwa hiyo kila filimbi hutengenezwa ikiwa na ufunguo wake, ambao mnunuzi hana budi kuuchagua kabla ya kulipa. Katika orodha za wauzaji utakuta herufi tu: D, C, B-flati, G, F, E-flati na nyinginezo. Bei zinaweza kulingana ilhali matumizi ni tofauti kabisa, na mtu anaweza kununua filimbi nzuri, iliyotengenezwa vizuri, ambayo haitamsaidia hata kidogo katika nyimbo anazotaka kupiga. Mwongozo huu unamlenga msomaji anayejua kuimba kwa do, re, mi, na ambaye amewahi kuona maandishi kama “Do = G” juu ya karatasi ya nyimbo za kwaya. Ujuzi huo unatosha.

Hatua ya 1: Elewa maana ya herufi

Herufi ya filimbi ni jina la noti inayotoka unapoziba matundu yote sita na kupuliza taratibu, na noti hiyo ndiyo do ya filimbi. Ukifungua matundu moja baada ya jingine kuanzia la chini kabisa, utapanda re, mi, fa, so, la hadi ti. Ukiyaziba tena yote kisha ukaongeza nguvu ya pumzi, utapata do ya juu, na ngazi nzima itajirudia oktava moja juu zaidi. Kwa filimbi ya D noti hizo ni D, E, F-shapu, G, A, B na C-shapu (shapu hupandisha noti nusu toni, flati huishusha nusu toni), wala hakuna C ya kawaida wala F ya kawaida ila kwa mbinu maalumu.

Vidole havibadiliki kutoka filimbi moja hadi nyingine. Aliyejifunza wimbo kwenye filimbi ya D ataupiga kwa vidole vilevile kwenye filimbi ya C, na wimbo utatoka toni moja chini. Kwa hiyo kumiliki filimbi tatu hakumaanishi kujifunza mara tatu.

Jambo la pili, ambalo wauzaji wengi hawalisemi, ni kwamba kila filimbi ina funguo mbili za meja, yaani zinazotulia kwenye do, zinazopigika kwa urahisi. Ya kwanza ni ile ya jina lake. Ya pili huanzia kwenye fa yake, yaani noti inayotoka ukiziba matundu matatu ya juu na kuacha matatu ya chini wazi. Ukiifanya fa hiyo kuwa do mpya, noti zote zinazohitajika zipo tayari isipokuwa moja, ambayo ni ti ya filimbi iliyoshushwa nusu toni. Noti hiyo hupatikana kwa kufungua tundu la kwanza juu kabisa, kuziba la pili na la tatu, na kuacha mengine wazi. Hivyo filimbi ya D hupiga D na G, ya C hupiga C na F, ya B-flati hupiga B-flati na E-flati, ya F hupiga F na B-flati, na ya G hupiga G na C.

Hatua ya 2: Jiulize utapiga pamoja na nani

Kama nia yako ni muziki wa jadi wa Ayalandi, swali limekwisha: nunua filimbi ya D. Fidla yenye nyuzi za G, D, A na E hupiga kwa raha katika D na G, filimbi ya mbao ya pembeni inayotumika huko huhesabiwa kuwa ya D, na zumari za Kiayalandi za kukandamiza kwa kiwiko, zile za kiwango cha kawaida, nazo ni za D. Nyimbo nyingi za kuchezea dansi zimekaa katika D, G, E ndogo, B ndogo (“ndogo” ni ufunguo unaotulia kwenye la badala ya do) na A ya mtindo wa kale, na zote hizo zinaingia ndani ya filimbi moja ya D. Anayejiunga na wapigaji wa Dublin, wa Clare au wa kikundi cha Waayalandi popote ughaibuni akiwa na filimbi ya C atabaki msikilizaji. Ipo mikondo midogo yenye funguo zake: wako wapigaji wanaopandisha ala zote nusu toni na kuhitaji filimbi ya E-flati, ambayo pia huwafaa wanaosindikiza zumari za Waskoti wa milimani, na ziko zumari za kale zenye sauti ya chini ambazo hufuatwa na filimbi ya C, ya B au ya B-flati. Mambo hayo yasimsumbue anayeanza.

Afrika nayo ina historia yake katika jambo hili. Kwela, muziki uliovuma katika miji ya Afrika Kusini miaka ya 1950 na kumpa jina mpigaji kama Spokes Mashiyane, ulijengwa juu ya filimbi hii hii, na filimbi zilizopendwa zaidi zilikuwa za B-flati na G. Kwela ilivuka mipaka hadi Malawi, ambako Donald Kachamba aliiendeleza kwa miaka mingi. Anayetaka kupiga sambamba na rekodi za zamani za kwela aanze kwa kuitafuta B-flati, kwani filimbi ya D itamlazimisha kupambana na vidole kila mara.

Waliojifunza rekoda, ile filimbi ya kufundishia muziki shuleni, jambo la kawaida nchini Kenya, mara nyingi huchagua filimbi ya C kwa sababu noti ya chini kabisa ya rekoda ndogo ni C. Naona hilo ni chaguo baya kwao. Kwenye rekoda, ukiziba tundu la kidole gumba pamoja na matundu matatu ya juu unapata G, na kwenye filimbi ya D ukiziba matundu matatu ya juu unapata G ile ile. A, B, E na D za chini pia zinalingana kidole kwa kidole katika oktava ya kwanza. Filimbi ya C ingekufanya uone G kwa macho na vidole huku masikio yakisikia F.

Hatua ya 3: Tafuta do halisi ya nyimbo zako

Wengi wetu hatukusudii kwenda Ayalandi. Tunataka kupiga kanisani, katika kikundi cha vijana, au pamoja na rafiki mwenye gitaa. Hapo kazi ya kwanza ni kuorodhesha nyimbo kumi au zaidi unazotaka kupiga na kuandika do ya kila mmoja. Kama karatasi imeandikwa “Do = F”, umeshapata jibu. Kama imeandikwa kwa mistari mitano, hesabu alama za mwanzoni: shapu moja ni G, shapu mbili ni D, shapu tatu ni A, bila alama ni C, flati moja ni F, flati mbili ni B-flati, na flati tatu ni E-flati. Wimbo wa huzuni unaoishia kwenye la hauhitaji hesabu tofauti, kwa kuwa alama zake ni zilezile za do inayouhusu.

Usiridhike na anachokisema mpiga kinanda kabla hujahakikisha. Wapiga kinanda wengi hupenda kupiga kila kitu kwa vidole vya C, kisha wanabonyeza kitufe cha kuhamisha sauti hadi ilingane na waimbaji. Ukimuuliza atakujibu kwa uaminifu kabisa kwamba “tuko C”, ilhali spika inatoa F. Mpiga gitaa mwenye kapo, yaani kibano cha kubana nyuzi zote shingoni mwa gitaa, naye ni hivyo hivyo: akishika maumbo ya G huku kapo ikiwa kwenye kizuizi cha pili, sauti inayotoka ni A, na ikiwa kwenye cha tatu ni B-flati. Dawa yake ni kuomba apige akodi ya nyumbani, yaani ile ambayo wimbo hutulia mwishoni, kisha wewe uimbe do na kuipima kwa programu ya kupimia sauti kwenye simu. Kinachohesabika ni herufi itakayoonekana hapo.

Kama kwaya huimba bila ala, fahamu kwamba mwalimu akitoa sauti kwa kubahatisha, do ya Jumapili hii yaweza kuwa nusu toni mbali na ile ya Jumapili iliyopita. Filimbi haiwezi kumfuata mtu wa namna hiyo. Mwombe aanze kutoa sauti kwa kutumia filimbi yenyewe.

Hatua ya 4: Angalia kama wimbo unashuka chini ya do

Hii ndiyo hatua inayoamua, na ndiyo inayorukwa. Filimbi haina noti yoyote chini ya do yake. Ukiwa na filimbi ya F na wimbo wa F, unaweza kuanza do ukapanda hadi juu, lakini wimbo ukishuka kwenye ti, la au so ya chini, filimbi imekwisha. Nyimbo nyingi za tenzi huanza so ya chini na kuruka hadi do, na hapo mwenye filimbi ya F atakwama kwenye noti ya kwanza kabisa.

Tuchukue mfano huo kwa ukaribu. Wimbo una “Do = F”, unaanza so ya chini, unapanda hadi mi ya juu, na unarudi kutulia kwenye do. Njia ya kwanza ni kutumia filimbi ya F na kuuhamishia wimbo wote oktava ya juu. Inawezekana, lakini mi ya juu itaangukia kwenye oktava ya tatu, mahali ambapo sauti hutoka kwa kulazimishwa na kumkera hata anayekupenda. Njia ya pili ni kutumia filimbi ya C, ambayo fa yake ni F. Ukiziba matundu yote sita unapata C, ambayo ndiyo so ya chini ya wimbo. Fungua mawili ya chini kabisa mfululizo na unapata la na ti, fungua la tatu na do imefika chini ya vidole vitatu vya mkono wa juu, na mi ya juu inakaa ndani ya oktava ya pili, ambako filimbi bado huimba vizuri. Wimbo umeingia wote, na fa ya wimbo inapatikana kwa ile mbinu ya kufungua tundu la kwanza na kuziba la pili na la tatu.

Kwa hiyo kando ya kila wimbo katika orodha yako andika alama mbili: do yake, na kama unashuka chini ya do au la. Kisha tumia kanuni ifuatayo. Wimbo usioshuka chini ya do upewe filimbi ya jina lake. Wimbo unaoshuka hadi so ya chini upewe filimbi ambayo fa yake ni do ya wimbo, nazo ni hizi:

Do = C: filimbi ya G
Do = D: filimbi ya A
Do = E-flati: filimbi ya B-flati
Do = F: filimbi ya C
Do = G: filimbi ya D
Do = A: filimbi ya E
Do = B-flati: filimbi ya F

Filimbi itakayotajwa mara nyingi zaidi katika orodha yako ndiyo ya kununua. Kwa makusanyo mengi ya nyimbo za kanisa, ambazo hupenda F, G, E-flati na B-flati, ushindani huwa kati ya D, C na B-flati. Mimi ningeanza na D ili nijifunzie, kwa kuwa vitabu na video nyingi za mafunzo hufundishia D, kisha C au B-flati ifuate kulingana na orodha.

Nyimbo zenye sauti tano tu, yaani zisizo na fa wala ti kama zilivyo nyimbo nyingi za jadi, ni zawadi kwa mpigaji. Filimbi ya D huzipiga katika D, katika G na hata katika A bila mbinu yoyote ya vidole, kwa sababu noti zinazoleta matatizo hazimo. Mwenye orodha ya nyimbo za aina hiyo anaweza kuishi na filimbi moja kwa muda mrefu. Upande wa pili ni taarabu inayofuata maqam, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, zenye robo toni, kama bayati: hakuna ufunguo wa filimbi utakaokupa sauti hizo bila kuziba nusu ya tundu kwa ncha ya kidole, na kununua filimbi nyingine hakutatui jambo hilo.

Hatua ya 5: Pima ukubwa, vidole na masikio ya jirani

Ufunguo ni urefu. Filimbi ya kawaida ya D ina urefu wa takriban sentimita 30, na ile ya D ya chini, inayolia oktava nzima chini yake, ni karibu mara mbili ya hapo. Filimbi za juu kama F na G zina matundu yaliyobanana, na mtu mzima mwenye vidole vinene hujikuta vidole vinasukumana. Sauti zake za oktava ya pili ni kali kiasi kwamba mazoezi ya jioni katika nyumba za kupanga yanaweza kuleta ugomvi. B-flati ni tulivu zaidi na bado hushikika bila shida, na kwa maoni yangu ndiyo yenye sauti tamu kuliko zote za bei nafuu.

Filimbi za chini zilianza kutengenezwa kwa namna yake ya sasa mwaka 1971, pale Mwingereza Bernard Overton alipomtengenezea mwanamuziki wa Ayalandi Finbar Furey moja ya alumini baada ya filimbi ya mianzi ya Kihindi ya mpigaji huyo kuharibika. Zinapendeza mno kwenye nyimbo za polepole. Hata hivyo, matundu ya D ya chini yako mbalimbali kiasi kwamba hayazibwi kwa ncha za vidole bali kwa pingili za kati, vidole vikiwa vimelala, na pumzi inayotumika ni nyingi. Bei yake nayo ni mara kadhaa ya bei ya filimbi ndogo. Mtoto, au mtu mwenye mikono midogo, asianze nayo. Anayetaka sauti nzito bila mateso hayo aangalie F ya chini au G ya chini.

Unapoagiza, soma kwa makini kama imeandikwa D peke yake au D ya chini. Herufi moja, filimbi mbili tofauti. Wengine huuza kichwa kimoja chenye mabomba mawili au matatu ya funguo tofauti, na huo ni ununuzi wa busara kwa anayepiga kanisani.

Hatua ya 6: Ijaribu kabla ya kuikubali

Fungua programu ya kupimia sauti na uiweke kwenye A ya 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Ziba matundu yote sita, hakikisha hakuna hata moja linalovuja, kisha puliza polepole. Filimbi ya D ya kawaida itaonyesha D5 (namba huonyesha oktava), D ya chini itaonyesha D4, C ya kawaida C5, na B-flati ya kawaida B-flati ya 4, ambayo programu nyingi huiandika kama A-shapu. Kama inaruka oktava juu kila unapopuliza, punguza pumzi kwanza kabla ya kuilaumu filimbi, kwani noti ya chini kabisa huhitaji pumzi laini kuliko zote. Kisha pima noti tatu tu: do ya juu, fa, na ile ti iliyoshushwa nusu toni. Kama ti hiyo iko mbali sana na mahali pake, filimbi hiyo imepoteza ufunguo wake wa pili, na hesabu yote ya hatua ya nne haitatimia. Irudishe.

Joto nalo lina nguvu. Kasi ya sauti hewani huongezeka kwa takriban mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo filimbi iliyopangwa sauti kwenye chumba cha nyuzi 20 itapanda ikipigwa Dar es Salaam au Mombasa mchana, na mtu mwenye sikio atalisikia hilo kinanda kikianza. Ndiyo sababu ni afadhali kununua filimbi ambayo kichwa chake husogea. Kukivuta nje kidogo hushusha sauti, kukisukuma ndani huipandisha. Filimbi nyingi za bei nafuu zenye kichwa cha plastiki, zikiwemo za chapa ya Generation, huja zimebanwa kwa gundi. Chovya kichwa kwenye maji ya moto, si yanayochemka, kwa muda mfupi, kisha kizungushe taratibu huku ukikivuta mpaka kiachie. Usivute zaidi ya milimita chache, kwa kuwa noti zinazotoka kwenye matundu ya juu hushuka haraka kuliko za chini na ngazi nzima ikapinda. Ikiwa bado mnatofautiana na kinanda, mwombe mpigaji atafute mpangilio wa kupandisha sauti kidogo kidogo, ambao vinanda vingi vya umeme vinao, ili afuate kiwango cha filimbi.